Madaktari watatu, mikato mitatu: nimsikilize nani?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 38, nauza vitenge na ninaishi Tabata, Dar es Salaam. Huwa nasoma safu yako dukani wateja wakipungua. Leo nimeona nikuandikie, maana nyumbani jambo hili kila nikilianza linaishia njiani.

Baada ya mtoto wa tatu nilifika kilo 97. Nikaamua kubadilika, na sasa nina 74, bado napungua kidogo kidogo. Magoti hayaniumi tena na nguo zinanikaa. Lakini matiti yalipungua mafuta yakabaki ngozi. Nikivua sidiria chuchu zinatazama sakafu. Joto likizidi, chini ya matiti natoka vipele na muwasho. Mume wangu anasema yeye haoni tatizo. Mama mkwe anasema nilijitakia mwenyewe kwa kunyonyesha kila mtoto miaka miwili. Mimi sitafuti kujionyesha mitandaoni, nataka nivae gauni nisimame wima basi.

Hela ya upasuaji wa kuinua matiti nimeweka kwenye kikoba na ipo. Kinachonichanganya ni kwamba nimepewa majibu matatu.

Daktari wa kwanza ni wa hapa Dar. Alinipima kwa tepu kuanzia kishimo cha shingo hadi chuchu: kulia sentimita 29, kushoto 30. Akaandika "daraja la 3", akasema nahitaji mkato wa nanga: kuzunguka weusi wa chuchu, kushuka chini, halafu kupita chote chini ya titi. Aliponionyesha picha za makovu nilitoka jasho.

Wa pili nilimwona Nairobi nilipofuata mzigo. Yeye anafanya mkato anaouita pipi ya kijiti: kuzunguka chuchu na mstari mmoja wa kushuka, hakuna wa kulala. Bei yake imesimama, na anataka nibaki kule wiki mbili.

Wa tatu sijamwona. Ni wakala wa hospitali ya Istanbul. Niliwatumia picha kwa WhatsApp, siku ileile wakajibu kwamba mkato wa duara peke yake unatosha, kovu linajificha kwenye ukingo wa weusi wa chuchu, na wataweka silikoni ili kujaza. Siku tano naruka kurudi nyumbani. Ukijumlisha na hoteli bado ni nafuu kuliko Nairobi. Dada yangu wa tumbo moja anasema hakuna cha kufikiria: kwa nini nikatwe mara tatu wakati yupo wa kukata mara moja? Wanataka malipo ya awali kabla ya mwisho wa mwezi.

Mengine unayopaswa kujua: nikiwa chuo nilitoboa tundu la pili sikioni likaota keloidi, lile kovu linalovimba kupita kidonda; ilikatwa, ikarudi. Mtoto wa mwisho nilizaa kwa upasuaji na kovu lile ni jembamba tu. Mama yangu mdogo alifariki kwa saratani ya titi. Mume hutaja mtoto wa nne, mimi sijasema ndiyo wala hapana. Sigara sivuti, shisha mara mojamoja kwenye shughuli.

Nichague mkato upi?

Mama Watatu, Tabata

*

Marahaba mwanangu. Hongera kwa hizo kilo; si kazi ndogo.

Nianze na dada yako, kwa sababu hoja yake ndiyo inayowapeleka wanawake wengi kusikofaa. Amehesabu mikato. Ingekuwa urefu wa kovu unategemea huruma ya daktari, angekuwa sahihi. Lakini katika kuinua titi, urefu wa kovu unatokana na mambo mawili ambayo tayari unayo mwilini: chuchu imeshuka hadi wapi, na ngozi iliyozidi ni kiasi gani. Ngozi iliyozidi lazima iondolewe mahali fulani, na ilipoondolewa patakuwa na mshono. Daktari anayekuahidi kazi kubwa kwa kovu dogo hajaipunguza hiyo kazi, ameisukumia ngozi iliyobaki.

Jipime mwenyewe usiku wa leo. Simama mbele ya kioo bila sidiria, mikono ikining'inia. Weka rula kwenye mkunjo wa chini ya titi, pale waya wa sidiria unapokaa, kisha geuka ubavu utazame chuchu iko wapi ukilinganisha na rula. Ikiwa usawa wa mkunjo, hilo ni daraja la 1. Ikiwa imeshuka chini ya mkunjo lakini bado kuna titi chini yake, daraja la 2. Ikiwa chuchu ndiyo iliyo chini kabisa na inaelekea ardhini, daraja la 3. Ngazi hizi ziliwekwa na Paule Regnault, daktari wa Montreal, Kanada, mwaka 1976, na hadi leo madaktari wa upasuaji rekebishi wanazitumia. Wapo pia wanawake ambao chuchu iko juu ya mkunjo vizuri tu, ni nyama ya chini iliyoning'inia. Hao wana shida nyingine na mshono wao ni mwingine.

Kwa maelezo yako wewe uko daraja la 3, na tepu ya daktari wa Dar inasema hivyohivyo. Vitabu hutaja sentimita 19 hadi 21 kutoka kishimo cha shingo hadi chuchu kwa titi ambalo halijashuka. Usizishike namba hizo kama sheria, mwanamke mrefu ana vipimo vyake. Ila 29 na 30 hazina ubishi. Chuchu zako zinatakiwa kupanda sentimita kadhaa, na ngozi iliyokuwa imebeba mafuta ya kilo zaidi ya 20 haitajivuta yenyewe.

Sasa tazama mkato wa duara. Daktari anachora duara dogo kwenye ukingo wa weusi wa chuchu na jingine kubwa nje yake, anaondoa ngozi iliyo katikati, kisha anapitisha uzi usioyeyuka kwenye duara la nje na kuuvuta hadi lilingane na lile la ndani. Louis Benelli wa Paris aliuandika mtindo huu wa uzi wa kuzunguka mwaka 1990, na kwa mtu wa daraja la 1 aliyebakiza ngozi yenye uhai ni kazi nzuri. Wewe unauza vitenge, basi utanielewa: ni kama kamba ya kiunoni mwa sketi. Ukivuta kidogo, kiuno kinakaa. Ukitaka kiuno cha mtu wa kilo 97 kimtoshe wa 74 kwa kuvuta kamba tu, utapata marinda. Na ndivyo ngozi inavyofanya. Inakunjamana kuzunguka chuchu, titi linabonyea mbele likawa bapa, na kwa kuwa mvutano wote umeelekezwa kwenye duara moja, baada ya miezi weusi wa chuchu unatanuka na kovu nalo linapanuka. Kovu ambalo lingejificha ndilo linakuwa la kwanza kuonekana.

Nadhani wakala anajua hilo, ndiyo maana ameongeza silikoni. Silikoni inajaza ngozi iliyolegea, na picha ya mwezi wa kwanza inapendeza kwelikweli. Lakini silikoni haiinui chuchu. Inaongeza uzito ndani ya ngozi ambayo tayari imeshindwa uzito. Halafu kuna mgongano wa kiufundi: kuinua ni kubana ngozi, kuweka silikoni ni kuitanua, na unayafanya yote mawili kwenye kidonda kimoja siku moja. Wapo mabingwa wanaoyafanya pamoja na wakafanikiwa, ila uwezekano wa kurudi tena mezani unakuwa mkubwa, ndiyo sababu wengine huinua kwanza, wakangoja miezi, ndipo wakajadili silikoni. Isitoshe silikoni si kitu cha kuweka ukasahau. Huja siku ya kuitoa au kuibadilisha. Mwaka 2019 kampuni ya Allergan iliondoa sokoni duniani kote vipandikizi vyake vya Biocell vyenye uso wa kukwaruza, kwa sababu ya kuhusishwa na aina adimu ya saratani ya mfumo wa limfu. Katika barua yako yote hukuandika mahali popote kwamba unataka matiti makubwa. Nani ameyataka, basi?

Hapo hapo nikuambie jambo ambalo watu hugundua baada ya kulipa: kuinua hakujazi. Titi litapanda, chuchu itatazama mbele, lakini ule ujazo wa juu, pale gauni la shingo pana linapoishia, unaweza ukabaki mtupu, hasa kwa mtu aliyepungua kama wewe. Mabingwa wengine huichukua nyama yako mwenyewe ya chini ya titi wakaikunja kwenda juu badala ya kuitupa. Waulize wawili waliobaki kama hufanya hivyo na kwako inawezekana. Ni swali la maana kuliko la bei.

Kwa hiyo Istanbul nimeitoa, na sijaitoa kwa sababu ni Uturuki. Kule wapo mabingwa wa kweli. Nimeitoa kwa sababu mtu amepanga mkato bila kukushika, bila tepu, bila kukuuliza keloidi wala mama mdogo, na kwa sababu mkato wenyewe si wako.

Wamebaki wawili, na hapa ndipo penye mazungumzo.

Pipi ya kijiti ina historia ndefu Ulaya: Claude Lassus wa Nice, Ufaransa, alianza kuifanya kabla ya wengi, Madeleine Lejour wa Brussels akaipa umaarufu miaka ya 1990, na Elizabeth Hall-Findlay wa Kanada akairahisisha mwaka 1999 hata mabingwa wengi wakaweza kuifanya. Uzuri wake hauishii kwenye kuondoa kovu la kulala. Nyama ya ndani inakusanywa na kushonwa kama nguzo mbili zilizoegemezana, kwa hiyo titi linasimama kwa nyama yake, si kwa ngozi iliyobanwa. Huwa linabaki na umbo la kuchomoza mbele kwa muda mrefu. Ubaya wake ni kwamba wiki za mwanzo linatisha. Juu limevimba, chini limesinyaa na mshono umejikunja, na usipoambiwa mapema utalia ukidhani umeharibiwa. Hujituliza ndani ya miezi mitatu hadi sita. Wengine hubakiwa na kikunjo cha ngozi chini ya mstari, kinachorekebishwa baadaye kwa ganzi ya kawaida.

Mpaka wake ni ngozi nyingi mno. Mstari wa kushuka unaondoa ngozi ya upana. Ngozi iliyozidi kwa urefu, kutoka chuchu hadi mkunjo, haiondoki yote kwa mstari huo. Mtu aliyepungua kilo nyingi huwa na zote mbili.

Nanga inaziondoa zote mbili, ndiyo maana daktari wa Dar ameitaja bila kusita. Mchoro wake ulitolewa na Robert Wise wa Marekani mwaka 1956, aliyeuchukua kutoka kwenye vipande vya kushonea sidiria. Unaweza kupangwa kwa vipimo kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, unatabirika, na ukitoka mezani titi lina umbo ambalo halikutishi. Gharama ni kovu la kulala kwenye mkunjo, na pale mstari wa kushuka unapokutana nalo. Miaka niliyofanya kazi wodi ya upasuaji, kona ile ndiyo tuliyoitazama kila tunapobadilisha bandeji. Ngozi inavutwa kutoka pande tatu, damu inafika kwa tabu, na mshono ukifumuka kidogo basi hufumuka pale. Mara nyingi hupona kwa kusafishwa tu, ila kovu lake linakuwa pana. Mvuta shisha na mwenye sukari ndio wanaotupa kazi zaidi.

Ungekuwa huna lile sikio, ningekuambia nanga, ningeishia hapo. Lakini una sikio.

Keloidi ina mahali inapopenda: masikio, mabega, na katikati ya kifua juu ya mfupa. Ngozi ya titi lenyewe huwa haina ubaya sana, na ngozi ya chini ya tumbo vivyo hivyo, ndiyo sababu kovu lako la uzazi limetulia. Hiyo ni habari njema, nayo inakupa nusu ya jibu. Nusu nyingine ipo kwenye ncha za kovu la kulala. Ncha ya ndani ikisogea karibu na mfupa wa kati wa kifua inaingia eneo ambalo keloidi inalipenda. Makovu ya nanga yanapoota, aghalabu yanaota kwenye ncha hizo mbili, ile ya ndani na ile ya ubavuni, wala si kwenye mstari wa kushuka. Angalia pia kovu la chanjo ya kifua kikuu begani kwako. Likiwa limeinuka na kutanuka kupita pale ulipochomwa, mwambie daktari. Muulize mama yako kuhusu makovu ya ndugu zake, maana jambo hili hutembea na ukoo.

Basi mkato wako, kwa ninavyouona, upo katikati ya wale madaktari wawili: duara, mstari wa kushuka, na kovu la kulala lililofupishwa, lililofichwa ndani ya mkunjo na kukomeshwa mbali na mfupa wa kifua. Daktari wa Dar anaweza kuufikia kwa kufupisha nanga yake. Wa Nairobi anaweza kuufikia kwa kuongeza kipande kifupi kwenye pipi yake. Wote wawili ni njia halali. Kitakachokuamulia ni jibu la swali moja, na ningependa uwaulize wote kwa maneno haya: "Ukimaliza kushona mstari wa kushuka ukakuta ngozi bado imebaki chini, utafanya nini?" Wa Nairobi akisema ataongeza mkato mfupi kwenye mkunjo na akakuonyesha kwa kidole utaishia wapi, huyo anajua kazi. Akisema haitatokea, au kwamba yeye hafanyi mkato wa kulala kamwe, mshukuru uondoke. Amependa mtindo wake kuliko kifua chako. Wa Dar naye muulize kama ncha ya ndani anaweza kuikomesha mapema. Akikuambia nanga ni nanga, tafuta mwingine.

Halafu muulize ana mpango gani na keloidi kabla haijaota. Asikuambie "tutaona". Mtu mwenye historia yako anaanzishiwa karatasi za silikoni za kubandika juu ya kovu mara kidonda kinapofunga, saa nyingi za siku, kwa miezi. Kovu likianza kuwasha na kuinuka anachomwa sindano ya triamsinoloni, dawa ya kutuliza kovu, mapema, kabla halijawa gumu. Ile ya sikioni ilirudi kwa sababu keloidi ikikatwa tu bila kitu kingine juu yake, kurudi ni kawaida yake. Kovu lenyewe litakuwa jeusi na gumu miezi ya mwanzo, lichukue mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kutulia, kwa hiyo omba kuona picha za wanawake weusi wenzako za mwezi wa tatu na za mwaka. Picha za wanawake weupe kwenye simu hazikuambii lolote kuhusu ngozi yako.

Swali jingine la kitaalamu ambalo usiogope kuliuliza: chuchu yangu italishwa damu kutoka upande gani? Katika mikato hii chuchu haitolewi ikabandikwa. Inahamishwa ikiwa bado imeshikana na sehemu ya nyama yenye mishipa, na upande ulioachwa unaweza kuwa wa juu, wa kati ya kifua au wa chini. Mishipa ya fahamu ikiguswa, chuchu inaweza kupoteza hisia, na ya damu ikibanwa, kwa nadra chuchu ikafa. Omba nakala ya ripoti ya upasuaji uitunze na vyeti vyako. Siku ukihitaji kupasuliwa tena, daktari mwingine asipojua upande ule anaweza kuukata.

Sasa mtoto wa nne. Hili, mwanangu, linatangulia mikato yote. Mimba itavuta titi upya, hata kama limeinuliwa na bingwa gani. Ukiwa na hata nusu ya nia, zaa kwanza, nyonyesha, maliza, ngoja miezi sita hivi maziwa yakauke na umbo litulie, ndipo uende. Mifereji ya maziwa kwa kawaida hubaki imeungana na chuchu katika mikato hii, na wengi hunyonyesha baadaye, ila hakuna daktari mwaminifu atakayekupa hakikisho. Kwa hiyo usimwachie mume hilo neno la kutaja kila Jumapili likabaki hewani. Kaeni mlimalize.

Uzito nao vivyo hivyo. Umesema bado unapungua. Kila kilo itakayoondoka baada ya upasuaji inaacha ngozi, na kazi iliyopimwa kwa kilo 74 haitakaa kwa 66. Fika unapotaka kufika, ukae hapo miezi sita bila kupanda wala kushuka, ndipo wakupime tena.

Na kwa heshima zote kwa mama mkwe: kunyonyesha hakukufanyi hivyo. Brian Rinker na wenzake wa Kentucky, Marekani, waliwachunguza wanawake 93 na kuchapisha mwaka 2008. Yaliyohusiana na kushuka kwa titi yalikuwa umri, uzito, idadi ya mimba, ukubwa wa matiti kabla ya mimba, na sigara. Kunyonyesha hakukuwamo. Ukipenda mwambie, ukipenda nyamaza; wewe ndiye unayeishi naye.

Kuhusu mama mdogo, mwenyezi Mungu amrehemu. Usikubali kulazwa mezani kabla ya kuchunguzwa matiti, kwa mamogramu, yaani picha ya eksirei ya titi, na kwa ultrasaundi pale daktari akiona inafaa. Umri alioupata ugonjwa na kama yupo ndugu mwingine aliyeugua ni mambo ya kumweleza. Baada ya upasuaji, makovu ya ndani na mafuta yaliyokufa huonekana kwenye mamogramu za baadaye, na yakikutwa bila picha ya zamani ya kulinganisha, yanaleta hofu na sindano zisizo za lazima. Na nyama yoyote ya titi itakayotolewa ipelekwe maabara, isitupwe.

Shisha iache kabisa, angalau wiki nne kabla na wiki nne baada. Usiniambie ni mara mojamoja. Nikotini inabana mishipa midogo ileile inayolisha chuchu. Mwambie daktari dawa zote unazotumia, pamoja na vidonge vya uzazi wa mpango, aspirini na dawa za kupunguza mwili za mitishamba kama zipo. Suka nywele kabla ya kwenda, maana mikono haitapanda kichwani kwa muda. Wiki nne hadi sita hubebi mtoto, huinui ndoo wala robota la vitenge, na husongi ugali. Utacheka, lakini mwiko wa ugali unatumia misuli ya kifua kuliko unavyodhani. Tafuta wa kukusaidia dukani na jikoni kabla ya siku yenyewe. Utalala chali, na sidiria isiyo na waya utaivaa usiku na mchana.

Mahali pa kufanyia nako si jambo dogo. Mwaka 2024 mwanamke alifariki Nairobi baada ya kupasuliwa kwenye kituo cha urembo, na baraza la madaktari la Kenya likakifunga kituo. Huu ni upasuaji wa usingizi kamili wa saa mbili au tatu. Unahitaji hospitali yenye daktari wa usingizi anayekaa na wewe mwanzo hadi mwisho, na chumba cha wagonjwa mahututi ndani au jirani. Hapa nyumbani hospitali ya Mloganzila nako wanafanya upasuaji rekebishi, kama unataka maoni ya tatu kutoka kwa mtu atakayekushika kwa mikono. Jina la bingwa lihakiki kwenye Baraza la Madaktari Tanganyika, na la Nairobi kwenye baraza la kule. Angalia ubingwa wake ni wa nini, kwa sababu daktari aliyesajiliwa si lazima awe bingwa wa upasuaji rekebishi. Huyo wa Nairobi kutaka ubaki wiki mbili nampa alama. Wiki mbili ndipo damu iliyovujia ndani, usaha na mshono uliofumuka hujionyesha. Siku tano kisha kukaa saa nyingi kwenye ndege na kidonda kibichi ni kukaribisha damu kuganda mguuni, na ukitua Dar na homa, wakala wa WhatsApp hatakufungua bandeji.

Mumeo nenda naye mara ya pili. Si kwa kuomba ruhusa. Ni kwa sababu makovu ya mwezi wa tatu atayaona yeye, na ni heri ayaone kwanza kwenye picha akiwa ameketi mbele ya daktari. Akisema haoni tatizo, mwamini. Wewe unaliona, na vipele vya joto ni vyako.

Malipo ya awali ya Istanbul usiyatume. Kama tayari umetuma sehemu, waandikie leo uombe kurudishiwa, uhifadhi kila ujumbe. Hela ya kikoba iache ilale hadi mizani ikae kwa miezi sita.